Mstari wa kadi umelala: je, huzuni ya mama inaweza kumpunguza mtoto uzito?

Mama Wawili wa Nzuguni ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Nzuguni, hapa Dodoma, na swali hili nimelikalia kwa wiki mbili kabla ya kuliandika.

Mwanangu wa pili, wa kiume, alizaliwa na kilo 3.2. Alipotimiza miezi mitatu alikuwa na kilo 6.1, na muuguzi alimsifu mbele ya akina mama wengine. Akiwa na miezi mitano mizani ilisoma kilo 6.7, na wiki iliyopita, akiwa na miezi saba, ilisoma kilo 6.8. Kwenye kadi yake ya kliniki ule mstari wa uzito uliokuwa ukipanda umelala, na nukta ya mwisho imekaa karibu kabisa na ukingo wa chini wa eneo la kijani. Amepimwa malaria na hana. Aliharisha mara moja tu, siku mbili, na chanjo zake zote amepata.

Jambo ambalo sikulisema kliniki ni hili. Tangu nijifungue sina raha. Ninaamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala, na machozi hunitoka nikiosha vyombo bila mtu yeyote kunikosea. Mtoto ninamnyonyesha, ninamwogesha na kumvalisha, lakini ninayafanya hayo kama mtu aliyeshikishwa kazi ya mwenzake. Akicheka, ninajua kwamba hapo mama hufurahi, nami ninajitafuta nisiione hiyo furaha. Kwa dada yake, ambaye sasa ana miaka sita, haikuwa hivi. Wakati ule nilikuwa nyumbani Korogwe. Mama yangu alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia uji wa pilipili manga, na mtoto akilia usiku mama ndiye aliyefika wa kwanza. Safari hii tulikuwa tumeshahamia Dodoma kwa kazi ya mume wangu, na mama, kwa sababu ya presha, hakuweza kusafiri.

Siku zangu 84 za likizo zilipoisha nilirudi kazini. Mtoto hushinda na dada wa kazi, binti mwema, lakini akimpa uji naye akageuza kichwa mara mbili, basi, kikombe kinafunikwa. Nikirudi jioni mimi mwenyewe sina nguvu ya kumbembeleza ale.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Kongwa. Alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimembemenda, yaani kama nimemdhoofisha kwa kukutana na mume wangu wakati ninanyonyesha. Sikumjibu. Tangu siku hiyo hata kumpakata mtoto mbele za watu ninaona haya.

Naomba mnisaidie. Je, hali hii ya moyo inaweza kweli kupunguza uzito wa mtoto, au ninajisingizia? Mtoto wa umri huu huweza kuhisi kwamba mama yake yupo lakini hayupo? Na nikiyasema haya kliniki, watanipeleka wapi? Mtaani kwetu mtu akitajiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma, huwa ametukanwa.

---

Mkunga Mstaafu amejibu:

Mwanangu, pole sana. Nimefanya kazi ya ukunga na kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi katika mkoa huu, kwanza Mpwapwa na baadaye mjini, na kadi za namna hii nimezishika nyingi sana. Nitaanza na mtoto kwa sababu yeye hawezi kusubiri, kisha nitakuja kwako, na huko ndiko ninakotaka kukaa.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa miezi saba huwa na uzito wa kati wa kilo 8.3, na chini ya kilo 6.7 tunamhesabu kuwa na uzito pungufu. Wako ana 6.8. Hajavuka mpaka, lakini kinachonishtua si nukta yenyewe bali njia iliyofika hapo: mtoto aliyekuwa karibu na katikati akiwa na miezi mitatu ameongeza gramu 100 tu katika miezi miwili. Usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mrudishe wiki hii, na uombe apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi. Ukisoma sentimita 12.5 na kuendelea yuko kwenye kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ana utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na hapo matibabu huanza siku hiyo hiyo. Waibonyeze pia miguu yake miwili kuona kama ina uvimbe.

Sasa wewe. Uliyoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa unaoitwa sonona, na unapomjia mama katika mwaka wa kwanza baada ya uzazi huitwa sonona baada ya kujifungua. Usiuchanganye na ile simanzi ya siku za mwanzo, ambayo huwapata akina mama wengi siku ya tatu au ya nne, wakalia bila sababu, na kabla ya wiki mbili kwisha imekwisha yenyewe. Yako ina miezi saba. Katika nchi zinazoendelea, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa miongoni mwa hayo ni sonona. Ukikaa kwenye benchi la kliniki mkiwa akina mama ishirini, hesabu mwenyewe.

Umeuliza kama inaweza kumfikia mtoto. Inaweza, na mara nyingi hupita katika vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna anayeviandika kwenye kadi. Huzuni haikaushi maziwa, lakini wasiwasi na uchovu huzuia ile homoni inayoyasukuma yatoke, kwa hiyo mtoto huvuta, hukasirika, hulia, naye mama huamini kwamba hana maziwa, akapunguza kunyonyesha, na kadiri anavyonyonyesha kidogo ndivyo maziwa yanavyopungua kweli. Kisha inafika miezi sita na chakula kinaanza. Hapo mtoto hali kwa sababu chakula kipo. Hula kwa sababu mtu anamtazama. Anafungua mdomo, anageuka, anachezea kijiko, anatema, anarudi tena, na anayemlisha anapaswa kuzisoma ishara hizo na kujua kwamba kugeuza kichwa mara mbili maana yake ni "subiri kidogo", wala si "nimeshiba". Mama mwenye sonona hana jicho hilo siku hiyo. Amechukuliwa na ugonjwa kama vile angechukuliwa na homa, na hakuna anayemlaumu mwenye homa kwa kutosimama.

Na ndiyo, mtoto huhisi. Miezi miwili tu anatafuta uso wa mama, anatabasamu ili atabasamiwe. Asipojibiwa hujaribu tena, hulia, na baada ya muda hugeuka pembeni akatulia, na utulivu huo watu huusifu kwamba mtoto ni mpole. Lakini sikiliza vizuri: ufungamano wa mama na mtoto haukatiki kama uzi. Hujengwa na kujengwa upya, na mtoto wa miezi saba ana muda mrefu mbele yake wa kukupata.

Kuhusu neno alilokuuliza mama mkwe, sitaki tumkasirikie mzee. Kubemenda ni neno la siku nyingi hapa Ugogoni na kwingineko nchini, na wazee walikuwa wameona kitu cha kweli: mtoto hudhoofika mambo yanapovurugika kati ya wazazi wake, au mimba nyingine inapoingia mapema ziwa likakatishwa. Kosa lipo katika maelezo, kwa sababu tendo la ndoa haliharibu maziwa, na hatia yote hutwishwa mtu mmoja. Katika kazi yangu nimewaona akina mama wakimfunika mtoto kwa kanga mbili ili asionekane alivyokonda, wakiacha kuja kliniki kwa kuogopa neno hilo, na mtoto akatufikia akiwa hawezi hata kushika shingo. Haya uliyoyaona baada ya swali lile ndiyo hatari yenyewe. Usimfiche mtoto wako.

Mwisho, watakupeleka wapi. Anzia hapo hapo unapompimia mtoto. Mwambie muuguzi sentensi moja tu: "Tangu nijifungue sina raha, naomba na mimi nipimwe." Lipo dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, linalouliza ulivyojisikia katika siku saba zilizopita, na limeshafasiriwa kwa Kiswahili, halimalizi dakika kumi. Kama hapo hawana, watakuandikia barua ya rufaa. Na hata ikiwa rufaa hiyo ni ya Mirembe, watu wengi wanaoonwa pale huja asubuhi, hukaa na daktari au mshauri, hupewa tarehe ya kurudi, wakaenda zao nyumbani kupika. Hukuzaa tusi hilo, usilibebe. Tiba ya kwanza mara nyingi ni mazungumzo ya kitaalamu. Dawa zikihitajika, zipo ambazo hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, sertraline ikiwa mojawapo, kwa hiyo mwambie daktari kwamba unanyonyesha na usimwachishe mtoto kwa uamuzi wako.

Nina swali moja ambalo lazima nikuulize na ninaomba unijibu. Je, yamewahi kukujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Kama jibu ni ndiyo, usiendelee kusoma. Mwamshe mume wako, mwende hospitali usiku huu huu, na usiachwe peke yako.

---

Baba wa Mapacha amejibu:

Dada, sijui mume wako anajua kiasi gani, na ninaandika kwa ajili yake zaidi. Mke wangu alipopata hali hii mimi niliona amenuna. Nilikuwa ninarudi nyumbani, ninakuta taa haijawashwa, watoto wanalia, yeye ameketi, nami ninaanza kuuliza chakula kiko wapi. Aliyenifumbua macho ni dada yangu, aliyeniambia kwamba mtu aliyenuna huwa ana jambo analolitaka, na mke wangu hakuwa anataka chochote, hata kula.

Nilianza na usiku. Yeye ananyonyesha, mimi ninapokea mtoto, ninamcheulisha, ninambeba hadi alale. Sheria ya ajira inampa baba siku tatu za likizo, ambazo kwa mapacha zinakwisha kabla hujajua nani ni nani, kwa hiyo yaliyobaki ni ya kupanga wenyewe nyumbani. Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Ofisini kwa mke wangu walimwambia kwamba hizo ni hisani ya bosi. Tulikwenda na nakala ya sheria na akapewa. Kama hujazidai saa zako mbili, zidai. Kutoka mjini hadi Nzuguni kwa bodaboda unafika, unanyonyesha, unamwonyesha binti jinsi ya kumlisha, unarudi.

---

Mama wa Ipagala amejibu:

Mimi nina kisa ambacho kwa mizani ni kinyume cha chako, lakini nikikusoma ninajiona.

Mwanangu wa kwanza hakukonda. Alinenepa. Alipoanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita alikuwa na kilo 31, na mtaa mzima ulinisifu kwamba ninalea, kwamba mtoto ana afya, wengine wakimbana mashavu na kumwita bosi. Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu mtoto mnene katika macho yetu ni ushahidi kwamba nyumba hiyo inakula. Ukweli ni kwamba baada ya kumzaa nilikaa karibu miaka mitatu katika giza ambalo sikulijua jina. Mtoto akilia sikuwa na uwezo wa kujua analilia nini, na sikuwa na nguvu ya kujua, kwa hiyo kila kilio nilikijibu kwa chakula. Amechoka, biskuti. Ameumia, juisi ya pakiti. Anataka nicheze naye, ninamkalisha mbele ya televisheni na sahani ya chipsi. Nilikuwa ninampenda, nataka mjue hivyo, na mkono wangu ulikuwa unampa kile ulichoweza kutoa. Lakini mtoto aliyezoezwa hivyo hujifunza kwamba upweke ni njaa, na hadi leo, akiwa na miaka kumi na moja, akigombana na wenzake shuleni hurudi moja kwa moja jikoni.

Aliyenisaidia ni daktari tuliyempelekea mtoto kwa sababu ya kukoroma na kuhema usiku. Aliniuliza mtoto anakula nini, nikamjibu, kisha akaniuliza: "Na wewe, mama, unalala?" Nililia pale pale mbele ya mtoto. Nilianza ushauri nasaha kila wiki, baadaye dawa kwa miezi kadhaa. Uzito wa mtoto haukushuka kwa miujiza, na hatukumfungia chakula. Tulianza kula mezani pamoja, tukaacha soda nyumbani, na jioni ninatembea naye. Amekua kwa urefu, na uzito umekuwa ukimfuata taratibu.

Ninakuandikia haya kwa sababu ya binti yako wa miaka sita pia. Mtazame. Wakati mdogo anakonda, mkubwa anakula nini, na anakula akiwa na nani?

---

Afisa Lishe amejibu:

Nawashukuru waliotangulia. Ningependa kuongeza yale yanayojulikana kwa utafiti, na pia kuweka tahadhari moja, kwa sababu nina hofu kwamba dada yetu atasoma majibu haya na kuhitimisha kwamba yeye ndiye aliyemkondesha mwanawe.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 17 kutoka nchi 11 zinazoendelea, zenye karibu jozi 14,000 za mama na mtoto. Ilionekana kwamba mama akiwa na dalili za sonona, uwezekano wa mtoto kuwa na uzito pungufu ulikuwa mara 1.5 ya ule wa watoto wengine, na wa kudumaa mara 1.4. Uhusiano huo upo. Lakini sonona na utapiamlo hukaa nyumba moja kwa sababu nyingi: umaskini huleta vyote viwili, ugomvi wa ndani huleta vyote viwili, na mtoto anayeugua mara kwa mara humchosha mama hadi akaugua naye. Hapa kwetu ongezeni na majira. Kati ya Januari na Machi, kabla ya mavuno, ghala za familia nyingi za Bahi na Chamwino huwa zimeanza kuonyesha sakafu, na mama anayelala na njaa ndiye huyo huyo anayelima tangu alfajiri na mtoto mgongoni.

Upande wa unene, ambao Mama wa Ipagala ameueleza vizuri kuliko ninavyoweza, Marekani waliwafuatilia watoto 977 tangu wakiwa wadogo, wakiangalia jinsi mama alivyoitikia ishara za mtoto na jinsi mtoto alivyomtegemea mama kama mahali pa usalama. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, zaidi ya robo ya wale waliokuwa na uhusiano dhaifu kabisa na mama zao walikuwa wanene kupita kiasi walipofika miaka 15, wakati kwa wale wenye uhusiano mzuri ilikuwa asilimia 13. Angalieni pia upande wa pili wa hesabu hiyo: karibu robo tatu ya watoto wa kundi lenye uhusiano dhaifu hawakuwa wanene. Hili si hukumu. Nchini kwetu tatizo kubwa bado ni la upande ule mwingine, kwani utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa na asilimia 4 wana uzito uliozidi, lakini mijini, Dodoma ikiwamo, siku hizi ninawaona wote wawili katika foleni moja, na mara nyingine, kama alivyogusia mwenzetu, ndani ya nyumba moja.

Kuna utafiti mwingine ambao huwa ninaufikiria sana. Ulifanyika vijijini Pakistan na kuchapishwa mwaka 2008. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, wanawake wa kawaida wenye elimu ya sekondari, walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Watoto wao waliharisha mara chache zaidi, walikamilisha chanjo zaidi, na wazazi wote wawili walicheza nao zaidi. Lakini uzito na urefu wa watoto haukutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Wapo wanaoyasoma matokeo hayo kwa masikitiko. Mimi ninaona yanatufundisha mambo mawili: kwamba mama kupona hakuondoi haja ya chakula chenyewe, maji safi na tiba, na kwamba mama anastahili kutibiwa kwa sababu anaumwa, hata kama mizani ya mtoto isingesogea. Tumezoea mno kumhudumia mwanamke kama chombo kinachombeba mtoto. Siku ya kliniki anapimwa mtoto, mama anashikilia nepi.

Kwa hiyo, dada, tahadhari yangu ni kwamba sonona yako isiwe sababu ya kuacha kutafuta sababu nyingine. Waambie wamchunguze mtoto damu, mkojo, kifua kikuu na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kama hayajapimwa, na wamsikilize moyo. Mtoto anayechoka au kutokwa jasho wakati wa kunyonya ana dalili ambayo daktari anahitaji kuisikia.

Na uji. Binti anaupika vipi? Uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe humjaza mtoto tumbo bila kumpa nguvu, maana tumbo lake ni dogo na sehemu kubwa ya alichokunywa ni maji. Uwe mzito, ung'ang'anie kijiko. Uwele tunao, karanga tunazo: saga karanga zilizochaguliwa vizuri, zisizo na ukungu, weka kijiko kwenye uji ukiwa jikoni, na ukiutoa ongeza maziwa au kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti. Ubuyu uliochekechwa unafaa. Mchana apewe ugali laini na mlenda uliotiwa karanga au dagaa waliosagwa, pamoja na kiini cha yai. Kwa umri wake milo miwili hadi mitatu kwa siku juu ya ziwa, akifika miezi tisa mitatu hadi minne. Alishwe kwa kijiko, aketi anamtazama anayemlisha, simu ikiwa mbali. Asilazimishwe. Mlo ukichukua nusu saa, uchukue nusu saa.

---

Mama Wawili wa Nzuguni amejibu:

Shikamoo Mkunga, na nawashukuru nyote. Nilisoma usiku ule ule, na nilimpa mume wangu simu asome mwenyewe kwa sababu sikuweza kuyasema kwa mdomo. Alisoma mara mbili. Aliniuliza kwa nini sikumwambia, nikamjibu kwamba sikuwa na jina la kumwambia.

Swali lako, Mkunga, nalijibu: la kumdhuru mtoto halijanijia, wala sauti sizisikii. Lililonijia mara kadhaa ni kutamani kulala nisiamke. Nilimweleza mume wangu hilo nalo, na asubuhi hakwenda kazini, tulikwenda wote.

Mkono wa mtoto ulisoma sentimita 12.6. Damu yake ilikuwa imepungua kidogo, amepewa dawa ya madini ya chuma. Mengine yote yalikuwa salama. Nilipotamka ile sentensi moja muuguzi alifunga mlango, akavuta kiti. Yale maswali 10 nilipata alama 16 kati ya 30, na aliniambia kwamba kuanzia 13 hawamwachi mama aondoke bila kuonana na daktari. Nimeanza mazungumzo na mshauri kila Jumatano, na daktari wa afya ya akili ameniandikia dawa baada ya kuniuliza mara mbili kama ninanyonyesha.

Mama mkwe tulimweleza pamoja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe, alipomzaa mume wangu, alikaa msimu mzima bila kutaka kumwona mtu, na aliyemnusuru ni wifi yake aliyemchukua mtoto mgongoni akaenda naye shambani kila siku. Hajawahi kumsimulia mtu. Amekuja kukaa nasi hadi baada ya mavuno, na ndiye anayesimamia uji, mzito kweli kweli.

Nimebaki na swali moja. Mshauri amenishauri kila siku nikae na mtoto dakika kumi bila kumfanyia kazi yoyote, yaani si kumlisha wala kumwogesha, ni kumtazama na kumjibu tu. Ninafanya, lakini siku nyingine bado sihisi kitu. Je, ninamdanganya mtoto?

---

Mkunga Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Humdanganyi. Yeye hasomi yaliyo moyoni mwako. Anasoma uso, sauti na mkono, na vinapomrudia kila siku saa ile ile anaanza kuvitegemea. Hisia kwa wengi hufuata nyuma, na dawa za namna hiyo huchukua wiki mbili hadi sita kabla hujaona nafuu, kwa hiyo usiziache njiani kwa kudhani hazifanyi kazi. Wale waliochunguza mambo haya mapema, kama Mary Ainsworth aliyewafuata akina mama na vichanga wao katika vijiji vya karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, hawakupima mama anahisi nini. Walitazama anamjibu mtoto vipi.

Ile hamu ya kulala usiamke ikirudi, usingoje Jumatano. Na bibi aachiwe uji, lakini ile kazi ya kumbeba mgongoni jioni ichukue wewe, kwa mbeleko, hata kama ni kuzunguka uani tu. Uzito mlete hapa akitimiza miezi minane.

---

Mama Wawili wa Nzuguni amejibu:

Leo ametimiza miezi minane na siku tano. Kilo 7.3. Muuguzi ameniandikia nukta kwenye kadi na mstari umeinuka, bado uko chini ya ulikokuwa, lakini umeinuka. Mimi nimepima tena yale maswali, nimepata 11. Dakika kumi zetu huwa saa kumi na mbili jioni, bibi akiwa jikoni; jana alivuta hereni yangu, nikacheka kabla sijakumbuka kwamba ninapaswa kucheka.